Mbwa Anayetazama Ukuta

Temeke, 3 Machi 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mie na Fransis hatujambo, kile kikohozi changu kimekwisha, hofu ni kwako tu na hilo goti. Unalichua lakini?

Baba, tumepata mbwa. Usicheke. Tangu wezi walipozoa randa na misumeno ya Fransis karakanani, mume wangu aliapa lazima tufuge mbwa. Kitoto cha mbwa hakutaka, eti atangoja mwaka mzima mpaka kijue kubweka? Tukaenda mjini kwenye banda moja wanakotunza mbwa walioachwa na wenyewe, tukapewa huyu. Mtu mzima, miaka mitano, jina lake Tomi. Waliomfuga wamerudi kwao Ulaya.

Sasa sijui nikuelezeje. Mlangoni hapiti mpaka abebwe, naye mzito huyo! Na kila siku ikifika saa kumi jioni, popote alipo, huinuka akazunguka nyuma ya nyumba akakaa kuutazama ukuta. Ukuta mtupu, Baba, wa udongo, hauna hata tundu la mjusi. Ananyanyua mguu mmoja, anangoja, anaushusha, ananyanyua wa pili. Akimaliza yote minne anakwaruza ukuta na kulia. Juzi mtu tusiyemjua kaingia, kanywa maji mtungini, katoka zake. Tomi alikuwa ukutani. Fransis anasema hajawahi kuona mlinzi anayeupa mlango mgongo.

Wewe umefuga mbwa wa kuwindia tangu ujana wako. Huyu ana nini?

Mwanao,
Genoveva

---

Songea, 24 Machi 1974

Mwanangu Genoveva,

Marahaba, na mumeo umsalimu. Goti lipo, linaamka kabla ya jogoo. Asubuhi nafungua mlango wa nyuma, namsalimu mama yako pale kaburini, naingia zangu migombani. Siku haijawahi kunianzia vinginevyo tangu tumzike.

Habari za mbwa nimezielewa, nanyi hamjui kitu. Mbwa mkubwa si wako mpaka umfunge na nyumba. Kata nywele za ncha ya mkia, zifukie chini ya kizingiti. Halafu Fransis abane tonge la ugali kwapani mpaka lipate jasho lake, ndipo amlishe. Nimewafanyia hivyo mbwa kumi na mmoja, hakuna aliyetoroka, ila yule aliyeliwa na chui, na huyo si kosa langu. Huyu akishindikana basi ni punguani, mrudisheni.

Huku wanasema tutahamishiwa kijiji kipya kando ya barabara. Wamesema tangu mwaka jana. Mimi nimepanda mihogo.

Ni mimi baba yako,
Albano

---

Temeke, 21 Aprili 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sie wazima, ingawa mvua inatunyeshea ndani na nje.

Tumefanya yote uliyoagiza. Tonge la kwapani Tomi alilinusa, akamtazama Fransis usoni, akaondoka. Fransis kaudhika mpaka leo! Nywele tulizifukia vizuri kizingitini. Kesho yake tukakuta shimo, nywele zimetawanyika, na Tomi yuko wapi? Ukutani.

Majirani nao wameanza. Mzee Fakihi wa nyumba ya pili, mtu mwema tu, alikuja akaukagua ukuta, akautegea sikio, akasema humu mna kitu na mbwa anakiona. Tangu siku hiyo kina mama hawapiti tena nyuma ya nyumba yetu kwenda bombani, wanazunguka. Wanafunzi wangu wa elimu ya watu wazima nao wamepungua, maana mie ndo' mwalimu mwenye jini. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Marijani, ametupa mpaka mwisho wa Juni huyu mbwa awe ameondoka.

Ubaya ni kwamba kule bandani walituambia mapema: mbwa mkubwa akirudishwa hapewi mtu mwingine. Anachomwa sindano ya kumuua, basi. Fransis anasema ndivyo ilivyo. Mie usiku uliopita nimelia, halafu nikajishangaa, namlilia mbwa asiyenijua hata jina.

Nijibu upesi.

Genoveva wako

---

Temeke, 2 Juni 1974

Baba,

Shikamoo. Hii ni ya pili bila jibu. Goti? Homa? Au nimekukosea?

Jana nilikaa na Tomi pale nyuma. Niliutazama ukuta kama anavyoutazama yeye, sikuona kitu. Naye alinigeukia, akanipa mguu wake. Nikaushika, sikujua niufanyeje, nikaurudisha chini. Akalia. Baba, sielewi anataka nini kwangu! Tarehe thelathini Fransis anampeleka.

Andika japo mstari mmoja.

Mwanao

---

Kijiji kipya, Songea, 16 Juni 1974

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili zimenipata jana, zilikuwa zinanitafuta kule nisikokuwako.

Tulihamishwa wiki ya Pasaka. Lori lilikuja asubuhi, jioni tulikuwa huku. Sikuandika kwa sababu sikujua niandike nini. Nyumba nimejengewa, si mbaya, zimepangwa mstari, na mwenyekiti wa kijiji kaagiza milango yote itazame barabara. Mlango ni mmoja.

Nikuambie jambo, usimwambie mtu. Kila asubuhi naamka, nakwenda kumsalimu mama yako kwa mlango wa nyuma usiokuwapo, najigonga ukutani. Kila asubuhi, Genoveva. Paji la uso lina nundu. Watoto wa jirani yangu Avelina wanachungulia na kucheka, wanasema babu anaongea na ukuta. Ni kweli naongea nao. Nafanyaje?

Mbwa wenu si punguani. Niliyemwita punguani nimemwomba radhi hapa nilipokaa. Nywele mlizifukia penye mlango wenu, yeye wa kwake uko kwingine. Msimrudishe kabla hamjaenda kwenye ile nyumba aliyolelewa. Ulizeni mlango wake ulikuwa wapi.

Baba yako

---

Temeke, 7 Julai 1974

Baba yangu,

Shikamoo, na pole, pole sana. Barua yako ilifika Ijumaa, zimebaki siku mbili. Nisamehe, niliisoma kwa sauti. Fransis hakungoja niikunje, akachukua baiskeli.

Bandani walimwelekeza nyumba. Wenyewe wapya hawajui kitu, lakini mpishi ni yuleyule, mzee mmoja wa Bukoba aitwaye Kamugisha. Alisikia jina la Tomi, akaketi chini. Akasema mlango wa mbwa ulikuwa wa jikoni, nyuma, upande jua linakozama. Saa kumi ndipo alipomfungulia. Kabla ya kumwingiza alimfuta miguu kwa kitambaa, mmoja mmoja, yote minne, maana mama mwenye nyumba hakutaka tope.

Jumapili, ndiyo hiyo tarehe thelathini, Fransis hakumpeleka Tomi kokote. Alichukua shoka akautoboa ukuta ule wa nyuma, nao uko upande huohuo wa machweo. Majirani walijaa, Mzee Fakihi akawa anasoma dua tukilitazama vumbi. Saa kumi ilipofika Tomi alikuja, akasimama penye uwazi, akanyanyua mguu. Nikaufuta kwa upande wa khanga yangu. Akanipa wa pili. Baba, nililia mbele ya mtaa mzima na wala sikuona haya. Alipomaliza wa nne akaingia kwa miguu yake mwenyewe.

Asubuhi Mzee Marijani alikuja kuhakikisha mbwa kaondoka. Tomi alimbwekea mpaka akapanda juu ya kinu! Mara yake ya kwanza kubweka tangu aje. Balozi alishuka, akajifuta unga, akasema sasa huyu ndiye mbwa.

Fransis amewaomba wateja wake ruhusa ya wiki mbili. Fremu ya mlango wako amekwisha kuipiga, ya mninga, na bawaba zake. Anapanda basi mwisho wa mwezi huu, barua itamtangulia. Mwenyekiti wenu alisema mlango utazame barabara, huo wa kwanza unatazama. Wa pili hakuusema.

Kaburi la mama liko upande gani ukisimama hapo ndani? Usitafute maneno ya kunijibu. Chukua mkaa, uweke alama ukutani. Fransis ataikuta.

Mwanao,
Genoveva