Joka Nimeliua, Chura Ameniaibisha

Octa uko wapi? Nimeaibika mimi. NIMEAIBIKA.

Unakumbuka lile gemu letu la tisini na sita? Leo nimelifufua. Lile joka la getini, kubwa kama trela la miwa, linakufa kwa pigo moja. Moja! Halafu anakuja chura wa darajani, saizi ya embe, na HAPITIKI. Aliyelitengeneza ana akili timamu kweli?

Sasa sikia. Nimebakiza roho moja, chura anajiandaa kuruka, mtu anapiga hodi. Mzee Shilinde! Baba yake Nyamizi! Katoka Lupiro kuja kumwona anayetaka kumuoa binti yake.

Badala ya shikamoo, nikamwambia, "Subiri kwanza!"

Subiri kwanza, Octa. Baba mkwe. Mlangoni. Kofia mkononi.

Akasubiri kweli. Chura akaniua.

"Sasa salimia," akasema.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hilo joka lililochorwa kwenye kaseti unaliweza?"

"Kwa pigo moja, baba."

"Na huyo chura?"

Nikamkaribisha chai.

"Binti yangu nimpe mtu anayeshindwa na chura? Hebu lete hicho kidude cha kuchezea."

Hiyo ilikuwa asubuhi. Sasa hivi adhuhuri inaadhiniwa, mimi nimejificha jikoni, chai yake imepoa, na chura bado yuko darajani.

Mama Nyamizi kapiga simu, anataka kujua kama nafaa au sifai. Nimempelekea mzee simu. Kamjibu mkewe bila hata kugeuka:

"Subiri kwanza!"