Jina Lako Liliitwa Mlimani

Kijiji cha Ghesari,
Bonde la Pindar,
Uttarakhand.

28 Septemba

Mpendwa dada Saruli,

Pokea salamu za nyumba nzima, pamoja na doa la samli kwenye kona ya karatasi hii, maana naandikia jikoni. Hujambo? Mgongo wa Shemeji Tilak unamruhusu sasa kusimama kutwa mbele ya majiko ya hoteli? Na Kirti ameshajua kusoma, au bado anakisia kwa kutazama picha? Joto la Maskati siliwezi hata kuliwaza.

Sisi tu wazima. Goti la mama huuma mvua ikikaribia na hupona ikinyesha, kwa hiyo siku hizi tunamuuliza yeye badala ya kusikiliza redio. Ulezi tumeuanika juu ya paa, na matango yamekuwa makubwa kama watoto wachanga. Asubuhi mawingu hulala bondeni chini yetu, nami bado huyatazama mpaka chai inapoa. Mke wangu Hema anasema yeye ni mke wa pili, wa kwanza ni mawingu.

Sasa nije kwenye barua yako. Uliuliza kama mwakani unaweza kuja na Kirti, na kama baba atakufungia mlango. Dada, nimekaa na swali hilo miezi miwili bila jibu. Ulipoondoka na Tilak, kijana wa ukoo tusiooana nao, baba alisema jina lako lisitajwe tena, na kwa miaka tisa halikutajwa. Mama husema tu "yule", na sote tunajua ni yule gani. Leo jibu ninalo, ila limekuja kwa njia ndefu na kwa kosa langu mwenyewe.

Mapema mwezi huu nilipandisha wageni saba kwenye malisho ya juu, kutembea na kulala kwenye mahema siku tatu. Baba alikuja na nyumbu wake wawili. Ana miaka sabini na moja na haambiliki. Unapakumbuka kule: nyasi zinapanda mpaka zinagusa theluji, na ukitembea husikii miguu yako mwenyewe. Maua ya buluu yalikuwa hayajaisha. Nilikwenda kama mtu anayeota, na sikutaka kuamshwa.

Tulipoupita mti wa mwisho niliwapa wageni majina ya mlimani, kama tufanyavyo siku zote. Niliwaeleza habari za Mabinti, wale pepo wa kike wanaokaa huko juu: wakisikia jina la mtu hulichukua, na mwenyewe hulifuata jina lake. Ndiyo maana kule hatuitani kwa majina halisi, hatupigi filimbi, wala hatuvai nyekundu. Walicheka sana, kisha kila mwenye koti jekundu akaligeuza ndani nje. Karani mmoja mnene nilimwita Kibuyu, na mkewe Kifuniko. Ikafika zamu ya msichana wa Pune, Ketaki, aliyekuwa mbele ya kila mtu, shanta wazi, anachuma matunda ya porini na kuyala bila kuuliza kama yana sumu. Jina likanitoka lenyewe. Nikamwita Saruli.

Baba alikuwa akikaza mshipi wa tandiko. Akageuka.

"We Kundan, una akili timamu? Jina la mtu aliye hai unampa mgeni? Unataka Mabinti wamchukue?"

"Wamchukue nani, baba?" nikamuuliza, kwa ujeuri kidogo.

Alikaza ule mshipi mpaka nyumbu naye akamgeukia. Lakini jina likishatolewa halibadilishwi mpaka mrudi kwenye miti. Siku tatu ikawa Saruli njoo, Saruli leta chumvi, na baba akala chakula chake peke yake nyuma ya nyumbu. Nakiri, dada, mimi nilifurahi kulisikia.

Siku ya kushuka kazi yangu ilikuwa kutembea nyuma kabisa, nisimwache mtu. Ketaki aliinama mbele yangu kufunga kamba za kiatu. Wakati huo mawingu yakaanza kupanda kutoka bondeni, polepole, na mimi nikasimama kuyatazama. Unanijua. Nilipogeuka hakukuwa na njia wala Ketaki, ukungu tu. Na mahali penyewe ni pale ambapo kushoto pana genge la kutumbukia mtoni.

Nilikimbia mpaka nikawafikia wenzake. Nikawahesabu: sita. Nikahesabu tena. Nikaanza kupiga kelele, lakini sauti yangu haivuki hata uwanja wetu. Baba akanikabidhi kamba za nyumbu.

"Nyamaza, unamchanganya," akasema, akapanda juu ya jiwe.

Alikaza macho kwenye ukungu, na mimi nikadhani hataweza kulitaja jina lile. Kisha akaita.

"Saruliii! Ewe Saruli! Njoo huku, mwanangu! Fuata sauti!"

Ilikuwa sauti ileile aliyokuwa akikuitia kutoka shambani chakula kikiwa tayari, anayoivuta mwishoni mpaka inapanda. Aliita, tukasikiliza. Aliita tena. Kifuniko alikuwa analia kwenye mtandio wake. Sijui tulikaa muda gani ndani ya weupe ule. Hatimaye ikaja sauti nyembamba, kutoka chini kuliko nilivyotaka itoke.

"Niko hapa!"

"Usisimame!" baba akamwambia. "Kaa chini ujikokote kwa makalio! Hapa hakuna wa kukuona!"

Akatokea kwenye ukungu suruali imechanika, anacheka na kutetemeka kwa pamoja. Alikuwa amebakiza hatua tano kufika ukingoni. Kibuyu akamfunika blanketi. Mimi nilikaa kwenye nyasi nikalia mbele za wageni, na sikuona aibu.

Baba alikuwa bado juu ya jiwe, anaita.

"Baba, ameshapatikana," nikamwambia.

"Nimemwona."

"Sasa unamwita nani?"

"Huyu ni wa watu," akasema. "Wa kwetu ndiye jina lake limekaa huko juu siku tatu kwa ujinga wako. Unataka nimwache?"

Bibi alikuwa akisema hivyo: mtu hai akiitwa kule juu kwa bahati mbaya, lazima aitwe kurudi, hatua kwa hatua, mpaka nyumbani. Basi baba akashuka anakuita. Kila kona aligeuka nyuma akataja jina lako. Msituni alikuonya kuwa pana utelezi. Kwenye kinu cha maji akakwambia unywe kwanza. Mwanzoni Ketaki alikuwa akiitikia, kisha naye akaelewa, akanyamaza, na wageni wote wakatembea kimya nyuma yetu. Tulipoingia kijijini Shangazi Gaumati akatoa kichwa dirishani.

"Darban! Miaka tisa umekuwa bubu, leo umekuwa jogoo?"

Baba akapita akiendelea kuita.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga. Alikuwa amesikia tangu mbali. Baba akavua viatu, akageuka kuitazama njia tuliyotoka.

"Saruli," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Ingia ndani, mwanangu. Umechoka."

Mama akasogea pembeni, akangoja kiasi cha mtu mmoja kupita, kisha akarudi kwenye chapati zake.

Basi dada, jibu ndilo hilo. Kwa baba umeshaingia ndani. Umebaki wewe tu kuja.

Mama anakusalimu, na safari hii amekutaja kwa jina. Hema anakusalimu, na Shangazi Gaumati anasema uje na kanga ya Maskati ya kumziba mdomo. Mwambie Shemeji Tilak kuwa namsalimu, na Kirti umbusu kwenye mashavu yote mawili. Mama Nanda, mungu wa milima yetu, awalinde ninyi watatu, awafungulie na njia.

Wako akupendaye siku zote,
mdogo wako,
Kundan