Dirisha Lisilo na Sura ya Mtu

Dar es Salaam, Jumatatu

Kaka yangu Ambakisye,

Ugonile? Amani ya Bwana ikukute hapo Talatala. Goti limepoa? Na mpunga, umekubali mwaka huu? Mimi mzima, ila vidole vimejaa makovu, ndiyo kazi yetu ya vioo hapa karakana.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umesema ninyi wazee wa kanisa hamlitaki dirisha la vioo nililotengeneza kumkumbuka marehemu mama, kwa kuwa halina Yesu wala hata kondoo. "Dada, siku hizi kila kitu ruksa, lakini kanisani si ruksa. Tia sura ya Bwana, ama sivyo Jumapili tunapiga kura lirudi." Na mzee mwenzako eti akasema hizi ni chupa zilizovunjika!

Kaka, sura sitii. Kasirika ukitaka.

Kumbuka kule Ikombe ziwani kwa bibi, mama akichora mistari shingoni mwa chungu kwa gunzi la mahindi. Je, kuna siku ulimwuliza, "Mama, huyu ni nani?" Hukuuliza. Ulikula ukashukuru. Ndiyo mistari niliyoifuata, kwa bluu ya ziwa asubuhi na wekundu wa chungu kinapotoka motoni. Mwaka mzima nimemwomba tajiri wangu mabaki ya vioo vya rangi, maana siku hizi vinashuka bandarini, si kama zamani tulivyokata chupa kweli. Kila kipande nimekiombea. Mungu aliposema iwe nuru, mtu alikuwa bado hajaumbwa. Hiyo nuru ilikuwa na sura ya nani?

Halafu dereva wa lori aliyelipeleka huko ameniambia mlililaza sakafuni, mkainama kutafuta uso. Jamani! Kioo kikilazwa ni giza tupu, hata malaika humwoni.

Basi Jumapili, kabla ya kura, wewe na huyo mzee wa chupa mlinyanyue kwenye dirisha la mashariki. Msiseme neno. Jua likipita, rangi zikawaangukia mashati yenu meupe, ndipo mpige kura.

Wazee wakikataa bado, usilirudishe huku. Litie jikoni kwa mama, vyungu vyake vilipo. Nikija Krismasi nitasali humo humo.

Nisalimie wifi, na shangazi aliyenifundisha kuomba. Ndaga fijo, kaka, kwa kunisomesha hadi la saba. Ndiyo maana nakujibu.

Dada yako asiyebadili neno,
Tumpe