Belti ya Timing na Mama Mkwe

Jumamosi, 29 Desemba 2007
Tulishapakia kila kitu twende Machakos, Syombua akajifungulie kwao. Mimi kwenye usukani, mke wangu nyuma na tumbo lake, mama yake kando yake, amejifunika leso tusionane macho. Tumefika geti la ploti — tak! Injini kimya. Belti ya timing, ule mkanda unaozungusha gia ya juu na ya chini pamoja, imekatika. Na mpya nilinunua Oktoba nikaiweka chini ya kitanda. Hongera, Mulei!
Tumesukuma gari likarudi uani. Matatu hakuna. Barabarani ni mawe, watu wanangoja matokeo ya kura.

Jumapili, 30 Desemba
Matokeo yametangazwa. Kelele, moshi. Khamala, fundi wa gari langu miaka yote, yuko kwake Mashimoni, ndani ya Kibera, na hawezi kutoka. Kwa simu anasema hata mimi naweza kuifunga belti mpya, atanielekeza. Kwa nini nisiweze? Mimi seremala, kabati za nusu ya mtaa wetu wa Kabiro nimeunda mimi. Injini ni nini?
Tangu mama mkwe aje nalala ndani ya gari. Chumba ni kimoja, na kwetu Ukambani mtu halali chumba kimoja na mama wa mkewe. Hata maneno tunapitishia kwa Syombua.

Jumatatu, 31 Desemba
Bolti ya chini imekataa katakata. Nimeng'oa bomba la kuanikia nguo la Waruguru, mama ploti wetu mwenye nyumba, nikalivika kwenye spana, nikaning'inia. Imelegea! Shuka zake zote vumbini. Nimetukanwa vizuri sana, lakini bolti imetoka.

Jumanne, 1 Januari 2008
Heri ya mwaka mpya, eti.
Vifuniko vyote nje. Nimeweka alama kwenye gia ya juu na ya chini kwa chaki ya Syombua ya kushonea. Mistari myeupe, imenyooka. Najipenda.

Jumatano, 2 Januari
Nimepiga foleni ya unga saa tatu nzima. Kurudi — mama mkwe ameosha injini! Sabuni ya unga na brashi ya viatu. Inang'aa! Alama zangu zimekwenda na maji. Amemwambia Syombua kwamba mjukuu wake hawezi kupanda uchafu ule. Nilitaka kupiga kelele. Nimpigie nani? Nimemwambia Syombua amwambie asante. Syombua amecheka mpaka akashika tumbo.
Mimi sikucheka. Anasema tumbo limeshuka. Naogopa.

Alhamisi, 3 Januari
Credit ya simu imeadimika, kwa hivyo nimem-flash Khamala, akapiga. Nikamweleza habari ya chaki. Akacheka kicheko kirefu.
"Buda, si belti ilikuwa imeshakatika? Gia zilishahama! Ulikuwa unaweka alama za nini?"
Kumbe kuna alama za kiwandani, nukta ndogo juu na nyingine chini. Huwa zimefichwa na masizi. Nimekimbia kuangalia. Zipo! Zinaonekana kwa sababu kuna mtu alipiga brashi. Ningefuata chaki yangu, ningefunga upuzi mtupu.
Sitamwambia Syombua.

Ijumaa, 4 Januari
Uchungu umeanza alfajiri. Mapema hivi! Mawe yametolewa barabarani lakini teksi hakuna. Machakos hatuendi tena, sasa ni hospitali tu.
Belti inataka mikono mitatu: gia ya juu ishikwe isihame, huku mimi navuta na kukaza. Syombua amelia, mama, enda umsaidie! Mama mkwe akaja. Akashika gia. Mkono wake ukagusa wangu. Aibu iliyonipata, Mungu ndiye anajua.
Nimezungusha injini kwa mkono mara mbili, kama Khamala alivyoniambia. Nukta zimekaa mahali pake. Nafikiri zimekaa. Alisema ukikosea jino moja tu, gari halitashika vizuri.
Niko kwenye usukani, naandika juu ya goti. Sitaki kugusa ufunguo. Nikiugusa nitajua. Syombua anahema huko nyuma. Lisipowaka sijui nitamfikishaje.
Mlango umefunguliwa. Mama mkwe ameingia mbele. Mbele! Kando yangu! Ametoa leso usoni, ananitazama machoni, na hapitishi maneno kwa mtu:
"Mulei, weka hicho kitabu chini. Washa."