Ndoo ya Mahindi Niliyokutumia

Kasongo, nyuma ya soko
Ijumaa, tarehe 9 Februari 2024

Mpendwa Shangazi Mado,

Basi usiwape. Yale mahindi yaliyotwangwa niliyokutumia kwa mkono wa Amuri, ndani ya ndoo nyeupe, usiwape kuku hata chembe, na mtu yeyote asiyasonge ugali. Kama ulikwisha kuanza kuwapa, acha leo. Yafukie mbali na kisima, na ndoo yenyewe uitoboe, mtu asije akaitekea maji. Kisha kaa chini uendelee kusoma.

Sasa nakusalimu. Hujambo, Shangazi wangu? Magoti yanasemaje na mvua hizi? Chimène amekwisha kujifungua? Na kikohozi cha baba yangu kimepoa, au bado anakataa dawa kwa ubishi wake? Mimi mwili wangu ni mzima. Na lile uliloniuliza mwishoni mwa barua yako, ukalipigia mistari miwili, jibu lake ni bado, sijashika mimba. Nalitaja mapema kwa sababu shida yote imeanzia hapo.

Simu yako haipatikani tangu Jumanne, na tangu Jumanne hakuna pikipiki iliyopita barabara ya Kabambare kwa matope, ila ya Amuri aliyeisukuma njia nzima. Yeye amerudi jana tu, ataondoka tena leo baada ya sala ya Ijumaa. Nimemwambia na kwa mdomo pia, akufikie wewe kabla ya kushusha mzigo wa mtu mwingine. Anasema alipokuacha ndoo ilikuwa bado imefungwa, juu ya kabati, na kwamba umeiweka kwa ajili ya vifaranga watakaoanguliwa wiki hii. Tangu jana ninaishikilia habari hiyo. Lakini wiki yenyewe ndiyo hii.

Nitakueleza ilivyokuwa, bila kujipunguzia.

Inabidi nianze na Magloire, la sivyo hutaelewa. Uliponikalisha kwenye mkeka kabla ya harusi uliniambia kwamba mapenzi ya ndoa yanakuja na kelele, halafu yanatulia. Shangazi, yangu hayajatulia. Ni miezi miwili na wiki moja, na bado nikisikia pikipiki yake inakata kona ya msikiti naangusha kijiko. Ananichemshia maji ya kuoga, yeye mwanaume, mbele ya mama yake, wala haoni haya. Anaimba vibaya kabisa na hajui kwamba anaimba vibaya, na mimi sitamwambia kamwe.

Mwezi wa kwanza alikwenda Kindu. Wanaume wengine wanarudi na kitenge. Yeye aliniletea mfuko wa chakula cha kuku, akasema kuku wa mama yake sasa ni wangu pia, tuwafuge kama watu wenye akili, mayai yatatujengea nyumba. Alisukuma pikipiki kwenye tope siku tatu, na mvua ilipomkuta njiani alivua koti lake akaufunika mfuko. Alifika ametota mpaka kwenye soksi, na mfuko ni mkavu. Nililia kwa furaha, Shangazi. Nililia mpaka mama mkwe akadhani nimepata msiba.

Siku nane kuku walikula chakula hicho. Walikuwa thelathini na wanane, hakuna aliyekohoa. Wawili waliokuwa wameacha kutaga walianza tena.

Kosa langu lilianza kwa kusoma. Unanijua tangu nipate diploma, siwezi kuona maandishi nikayapita. Kwenye mfuko, kwa herufi ndogo za Kifaransa, waliandika kwamba soya na mahindi yaliyomo ni OGM, yaani mazao ambayo wataalamu wamegusa mbegu yake ndani kabisa, kwenye chembe za urithi. Nilisoma kwa sauti, najidai, mbele ya jirani yetu Mwamvita aliyekuja kuomba moto. Akaweka makaa yake chini.

“Bibi arusi, unataka kuzaa ao unataka kufuga?”

Akanieleza kwamba kuku wakila vitu hivyo mayai yao hayana uhai, na mwanamke akila mayai hayo tumbo linafunga. Nilimpelekea Magloire habari hiyo. Alisema tumbo la kuku linasaga mahindi hayo kama linavyosaga mengine, hayamgeuzi kuku wala anayemla. “Mimi nimekula mayai yao wiki nzima,” alisema. “Nimeota manyoya? Angalia vizuri mugongo.” Tulicheka sana. Lakini siku mbili baadaye nikaona damu ya mwezi, ya pili tangu harusi, na kicheko kikaisha.

Nilitaka kumzalia. Na sikutaka kumuumiza kwa kutupa zawadi aliyoivulia koti. Kwa hiyo nilifanya kwa siri. Alipokwenda Lusangi nilimwaga chakula chote chooni, nikaujaza mfuko ule ule kitu kingine, ili akirudi auone umesimama mahali pake.

Kitu hicho kilikuwa mbegu. Baba mkwe, Baba André, alipewa mahindi ya msaada wakati wa kupanda, mwezi wa tisa, na mengine yakabaki kwenye pipa nyuma ya jikoni. Ni yale mahindi yaliyopakwa rangi, mekundu kana kwamba yamechovywa kwenye mawese. Unakumbuka kule Lusangi nilipokuwa mdogo, watu walikuwa wakiosha mbegu za msaada na kuzila wakati wa njaa. Hakuna aliyekufa, au hatukuuliza aliyekufa amekufa na nini. Nami nikayaosha kwa maji matatu, nikayaanika, nikayatwanga. Nilijisemea haya ni mahindi ya Mungu, hakuna aliyeyagusa ndani. Na kwa vile nakupenda, nikakujazia ndoo, nikakuandikia ile barua ya kukukataza OGM. Barua hiyo naomba uichome.

Jumamosi iliyopita kuku walianza kuanguka. Shingo zinapinda, mate yanachuruzika, miguu inapiga hewa. Jumapili asubuhi kumi na tisa walikuwa wamekufa. Mama mkwe, Mama Emilienne, akasema wale wanaosimama bado wachinjwe upesi, wasife bure. Nikanyonyoa wanne.

Wewe mwenyewe ulinifundisha: firigisi ni ya baba mkwe, ipelekwe kwenye sahani ya peke yake, imefunikwa. Nilipoipasua, ndani nilikuta mahindi yangu, na wekundu ulikuwa haujatoka. Ulikuwa umeshika mpaka ngozi ya ndani. Nilisimama nayo mkononi. Bibi arusi wa miezi miwili atasema nini, kwamba kuku wa leo hakuwa na firigisi? Niliiosha, nikaipika, nikampelekea nimepiga magoti.

Baba André alifurahi. Alimwambia mkewe, “Emilienne, sasa unaweza kupumzika. Mupishi iko.”

Sisi tuliokula nyama tu tulikuwa wazima, lakini kabla ya saa tisa yeye alikuwa anatokwa mate na jasho, hawezi kushika kikombe. Magloire alimfunga mgongoni mwake kwa kitenge changu kama mtoto, akampeleka hospitali kwa pikipiki. Huko wakauliza amekula nini. Mama Emilienne akajibu mbele ya watu wote, “Ni ile chakula ya OGM. Mutoto wangu mwenyewe ameleta sumu mu nyumba ya baba yake.” Magloire alitazama sakafu.

Na mimi nilinyamaza, Shangazi. Jumapili nilinyamaza. Jumatatu nilinyamaza, wakati wanamtibu kitu kisicho chake, na watu wanaokuja kumpa pole mume wangu wanakwepa mkono wake.

Jumanne asubuhi nilikuwa naoga. Pazia la bafu letu ni mfuko uliopasuliwa na kushonwa, tangu kabla sijaolewa. Miezi miwili naoga mbele yake. Siku hiyo nikaona fuvu la kichwa na mifupa miwili, na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko kidole, kwamba mbegu hizi zimepakwa dawa ya kuua wadudu, si chakula cha mtu wala cha mnyama. Ulikuwa mfuko wa mbegu zile zile. Nilikata kipande hicho kwa kisu, nikakimbia nacho hospitali, sabuni ikiwa bado kwenye nywele.

Daktari Heri alikisoma mara mbili. “Mama, ungeniletea hii Jumapili,” alisema, basi, akaenda kutafuta sindano nyingine. Kufikia alasiri jasho lilikuwa limekauka. Leo ni siku ya sita, Baba André yuko hai. Lakini mkono wake wa kuume unatetemeka, na kifua kinalia kama mlango. Heri hasemi atapona, hasemi hatapona.

Magloire nilimwambia yote pale pale mlangoni, mpaka habari ya choo. Nilingoja anipige au aondoke. Aliuliza kitu kimoja tu: “Ulipatia nani mwingine?” Nikasema Shangazi. Akafumba macho, kisha akawasha pikipiki yake kuelekea Kabambare, na tope likamrudisha kabla ya jioni.

Nilimuuliza Heri kuhusu OGM, kwa kuwa nilitaka kujua nimemwaga nini. Alinijibu kwa upole kuliko nilivyostahili. Kuku wa nchi nyingi wamelishwa mahindi na soya hizo kwa miaka mingi, wataalamu wamelinganisha nyama, mayai na vifaranga, wala hawakuona madhara. Kila mbegu mpya ni lazima ipimwe peke yake, alisema, na ugomvi wa nani mwenye mbegu ni ugomvi mwingine. Kisha akanionyesha kile kipande cha mfuko: “Kilichoua ni dawa ya juu ya punje. Na hiyo wanapaka mbegu ya wazungu, wanapaka na mbegu ya babu yako.”

Jumatano nilikwenda kwenye bomba la maji kuwaambia wanawake. Sikutaka Magloire abebe mzigo wangu, ingawa aliniambia niwaache waseme. Nilieleza kila kitu kwa sauti. Mwamvita akaniwekea mkono begani. “Mama, tunaelewa. Hata mimi ningemukinga bwana yangu.” Hawakuniamini. Wanne kati yao wamekwisha kumwaga chakula cha kuku cha dukani, na mmoja aliniuliza kama kwenye pipa letu yamebaki yale mahindi ya asili.

Jana mimi na Magloire tulilifukia pipa. Kinu tumekichoma.

Aliyeniamini ni Mama Emilienne peke yake, naye hasemi nami. Ananiwekea sahani yangu, anaondoka. Kuku wamebaki wanne. Magloire anaendelea kunichemshia maji, lakini haimbi.

Nisikilize vizuri, Shangazi. Kama kuku wako walikwisha kula, usichinje hata mmoja, usipeleke sokoni, mayai yao msile. Wanaokufa wazikwe kwa kina, mbwa wasiwafukue. Mtu yeyote nyumbani akianza kutokwa mate na jasho, usimpe majani, mpeleke hospitali na karatasi hii. Jina la dawa ile nimelinakili nyuma yake, herufi kwa herufi. Waambie mapema. Msiniige mimi.

Msalimie baba yangu Dominique, na umwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Msalimie Chimène na tumbo lake. Mbusu Sarah-Grâce, na umkataze kuchezea bandani mpaka utakapofagia. Mungu awafikie kabla ya Amuri, awafunike wote mliomo humo ndani.

Sitangoja jibu lako. Magloire amesema baba yake akiweza kukaa mwenyewe kitandani atanileta. Asipoweza, nitapanda nyuma ya Amuri. Kama umepoteza kuku, nitakuja tuchimbe shimo pamoja, halafu tuanze upya na vifaranga wowote tutakaowapata. Kama umepoteza zaidi ya kuku nitakuja vilevile, nikae mbele yenu, mniambie la kuniambia. Kabla mwezi huu haujaisha, Shangazi, nitakuwa uani kwako.

Mimi ninayekupenda, mtoto wa kaka yako,

Nadine