Majina ya Waliotoa Damu Muleba

Kitendaguro,
Bukoba.
19 Novemba 2024.

Mpendwa binti yangu Kokubanza,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu baba yako mdogo na nyumba nzima. U hali gani huko Uswidi? Nasikia siku hizi saa tisa alasiri giza limeshaingia. Kama ni kweli, kula vizuri na uvae soksi mbili. Sisi hatujambo. Mgongo unanisumbua, ila mama yako mdogo Hellen anasema huwa unauma siku za palizi tu.

Barua hii anakuletea Julius, jirani yetu anayesoma huko, pamoja na kahawa ya kutafuna na kopo moja la senene wa kukaanga. Yalikuwa makopo mawili. Usiulize.

Sasa kazi yako. Kila Jumatatu, mapumziko ya saa nne, mimi na Mwalimu Riyadhi wa Hisabati tunafungua simu kuangalia makala zako zimenukuliwa mara ngapi na watafiti wenzako. Wiki iliyopita ile ya malaria ilifika mara elfu moja mia tatu na kumi na mbili. Niliwatangazia walimu wote kabla hawajamaliza chai. Riyadhi akaniuliza, "Na wewe Audax, miaka ishirini na sita unafundisha Jiografia, nani amekunukuu?" Nikamjibu kwamba mkuu wa shule aliwahi kuninukuu, kwenye barua ya onyo.

Nakiri makala yenyewe niliielewa hadi mstari wa pili. Lakini jambo lake nalijua, maana ulinieleza mwenyewe jikoni kwetu: kwa nini watoto wawili wa mama mmoja walale chandarua kimoja, halafu malaria imlaze mmoja wiki nzima na mwenzake awe anacheza mpira. Jibu mkalitafuta kwenye vinasaba na kinga ya mwili, katika damu ya watu wa kijiji chetu cha Muleba.

Uliponiandikia kwamba Februari unahitaji damu ya watu wale wale, na kwamba bila wao kazi yako ya miaka mitatu itaishia hapo, nilijitolea kwenda kuwaandaa. Niliona ni kazi ndogo. Nilichapisha makala yako mjini, kurasa kumi na nne, na Jumapili tukaenda na Riyadhi hadi uani kwa bibi yako Kokwijuka. Watu walijaa. Nikasimama na karatasi zangu, nikawapa ile namba ya elfu moja na mia tatu, nikasubiri vigelegele.

Mzee Kamala akanyoosha mkono. "Mwalimu, nionyeshe jina langu."

Nikapekua. Juu palikuwa na majina ishirini na mawili ya waandishi, lako la kwanza. Nikaeleza kwamba taratibu za utafiti zinaficha majina ya waliotoa damu, kwa usalama wao.

"Tunafichwa nani asituone? Kijiji kizima kinajua nilitoa. Nililia mbele yao." Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Kwenye msiba wa baba yake Kokubanza nilileta mkungu wa ndizi, nikasomwa kwa jina. Damu yangu imeshindwa na mkungu?"

Unajua tulivyo. Anayechangia husomwa. Wakaanza kumuunga mkono, na mmoja akasema Februari watu watakuwa na kazi za shamba. Hapo nikajua nimekuharibia.

Bibi yako ndiye aliyeuliza, "Audax, mwishoni pameandikwa nini?"

Mwishoni nilikuwa nimeparuka, nikidhani ni mapambo. Kumbe pale umezishukuru familia za kijiji kimoja cha Muleba zilizotoa damu na muda wao, ukasema bila wao kazi hii isingekuwapo. Nikalisema hilo kwa Kihaya.

"Rudia," akasema. Nilirudia mara tatu.

Kamala akauliza kama wale elfu moja na mia tatu nao wamesoma hapo mwishoni. Nikasema sijui. Sikuweza kumdanganya, jamani waitu.

Basi bibi yako akainuka na fimbo yake. "Mimi Kokwijuka nilitoa damu. Na mjukuu wangu Judica alitoa." Akakaa. Jirani yake akainuka, akataja jina lake. Wakaendelea hivyo, mmoja mmoja, kama orodha ya msibani, ila hapa hakuna aliyewasomea. Waliokwisha kufariki walitajwa na watoto wao. Riyadhi alihesabu arobaini na watatu. Kamala alikuwa wa mwisho, akataja jina lake lote, pamoja na la baba yake na la babu yake.

Binti yangu, namba zako nimejivunia siku zote, na nitaendelea kuwasumbua walimu nazo. Lakini mstari ule, uliouandika ukiwa bado mwanafunzi, najivunia kuliko namba zote. Baba yako angekuwepo Jumapili angejifanya ana mafua, kuficha machozi.

Wamekubali Februari, kwa sharti moja. Matokeo ya safari hii, kabla hayajaenda kwenye jarida lolote, uje uwasomee mwenyewe pale uani, kwa Kihaya, umesimama. Kamala akaongeza kwamba usimtume Audax. Hakuna aliyepinga. Hata Riyadhi alinyoosha mkono, naye si wa kijiji kile.

Nijibu mapema kama utaweza. Najua wakubwa wako wana taratibu zao, ila siwezi kurudi Muleba na jibu la "labda". Bibi yako ameshajiandaa: atakuwa wa kwanza, na safari hii anatoa mkono wa kushoto, maana wa kulia ana kazi nao shambani.

Hellen, Judica na Riyadhi wanakusalimu sana. Nisalimie wenzako wa maabara, hata wale ambao majina yao yalinishinda kuyatamka. Mungu akulinde katika baridi hiyo, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Wako akupendaye,
baba yako mdogo,
Audax