Mgeni na Seva za Akiba

Dada yangu,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, miguu yako imepungua kuvimba kwa kusimama wodini, shemeji hajambo, na wapwa zangu bado wanakumbuka kuwa wana mjomba. Mimi kwa afya sijambo. Kwa mengine, soma taratibu, na ukimaliza usinipigie simu siku hiyohiyo.

Kazi yangu unaijua: natunza zile kompyuta kubwa za hospitali, seva. Ziko chumba cha chini, zimepangwa kwenye makabati, zinavuma kama nyuki kutwa kucha. Jengo la pili tuna kundi jingine, seva za akiba, ili za kwanza zikipatwa na janga, hizi zishike kazi mara moja. Miaka kumi na minne hayo yote yalikuwa mikononi mwangu.

Kisha akaja binti mmoja tuliyemwita Mgeni, na jina likamganda ingawa huu ni mwaka wake wa tatu. Nilimfundisha mwenyewe, hata namna ya kuchomoa waya bila kuzima nusu ya hospitali. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji ndiye niliyeugua. Mkuu wetu akiingia, anamsalimia yeye kwanza. Nikieleza jambo, ananisikiliza vizuri tu, halafu anamgeukia: "Mgeni, wewe unaonaje?" Dada, maneno hayo yalinikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mwezi uliopita mkuu akaamua seva za akiba zipangwe upya zote, na kazi akampa Mgeni. Mimi niliambiwa nimsaidie. Nimsaidie! Nikawa nakaa namtazama akichora mishale ubaoni, na kibaya zaidi, mishale ilikuwa sahihi. Angekuwa mjinga ningelala usingizi.

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, bomba la maji likapasuka ghorofa iliyo juu yetu. Dari la chumba chetu likaanza kumwaga maji moja kwa moja juu ya makabati. Tulizima umeme tukiwa tumelowa chapachapa. Mgeni akakimbilia kompyuta yake ofisini, akahamishia kazi kwenye akiba. Mapokezi yakarudi, duka la dawa likarudi, maabara, wodi. Dakika sita! Watu wakapiga makofi, nami nikapiga, moyo ukiniwaka.

Ila benki ya damu haikurudi. Fundi wa damu akapiga simu akipayuka kwamba kuna mama ametoka kujifungua, anavuja damu, na skrini yake nyeupe, hajui mfuko upi uko jokofu lipi. Mgeni alitafuta kosa asilione. Nikamsogeza kando, nikabadilisha tarakimu nne za anwani ya seva, mfumo ukafunguka. Yule mama alipona, lakini shukrani ni za fundi wa damu, aliyekwisha kupekua daftari la karatasi na kukimbia na mifuko kabla ya tarakimu zangu. Mkuu akanishika bega mbele ya wote, akasema utu uzima dawa. Mgeni akavuliwa kazi ile siku hiyohiyo. Akaja mezani kwangu, macho mekundu, kunishukuru.

Sasa, dada, jambo lenyewe. Siku kumi na moja kabla ya bomba kupasuka, Mgeni aliniletea mpangilio wake wote, kurasa ishirini, akaniomba: "Kaka, nipitishie macho, wewe hupitwi na kitu." Nikapitia. Ukurasa wa kumi na saba nikaona benki ya damu imeelekezwa kwenye seva ya zamani, niliyoizima kwa mikono yangu mwaka jana na kusahau kuandika popote. Yeye asingeweza kujua. Nikamrudishia karatasi zake, nikamwambia ziko sawa. Nilitaka aaibike siku ya majaribio yaliyopangwa baadaye, basi. Sikumfikiria mgonjwa yeyote. Na fundi alipopiga simu, kabla sijanyanyuka kitini, nilifurahi. Kidogo tu, lakini nilifurahi. Wewe ni muuguzi, unajua dakika moja ni nini. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Juzi nilimwendea Mgeni nikamweleza yote. Nilitegemea matusi. Alichukua kalamu, akauliza, "Kuna mengine uliyoyaona?" Yalikuwepo mawili. Nikamtajia, akaandika. Halafu akasema, bila kunitazama, "Kwa mkuu utakwenda mwenyewe."

Nilikwenda jana. Kazi amerudishiwa yeye. Mimi nimesimamishwa wiki nne, na baada ya hapo sijui. Funguo za chumba nilimkabidhi Mgeni mkononi. Nikwambie ukweli, alipozipokea, wivu ulinichoma tena, palepale. Haujaondoka, dada. Ila sina tena mahali pa kuuficha.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama usimwambie, nitakuja nimwambie mwenyewe, nikiwa nimekaa karibu na mlango.

Ndimi mdogo wako,
Kitinda mimba